Dohani ya Pili ya Beržuva

Mtu akifika kwenye nyumba ya watu akaanza kukagua paa kabla hajasalimu, huyo ni wa kuchungwa. Ndivyo alivyoamini Morta Skersytė, na ndiyo maana hakumpenda Domantas tangu siku ya kwanza. Kijana alitoka mjini Kaunas mwishoni mwa majira ya baridi, ndevu nyekundu, viatu vya bei, akashuka garini mbele ya kasri la Beržuva. Badala ya kusema "Tumsifu Yesu Kristo" kama watu, akainua kidevu akatazama juu kwa muda mrefu, mdomo wazi.

"Dohani nyingine iko wapi?" Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

Morta alikuwa barazani, katikati ya nguzo, ufagio mkononi. "Dohani gani?"

"Hili jumba lilikuwa na dohani mbili, mama. Nimeona picha yake ya zamani. Moja huku, moja kule, zimelingana. Sasa naona moja tu."

"Ile nyingine ilikuwa ya uongo. Ya urembo. Hapa kila mtu anajua."

"Na ilikwenda wapi?"

"Upande ule uliungua," akasema Morta, akaendelea kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Domantas alikuwa ametumwa na wilaya kulipima kasri na kulichora, ili lianze kutengenezwa. Morta ndiye aliyeshika funguo. Nusu iliyosalimika ilikuwa maktaba ya kijiji, naye alikuwa akiipiga deki na kuwasha majiko yake tangu enzi za shamba la ushirika. Aliijua nyumba hiyo kama mtu anavyoijua nguo yake ya kila siku, hasa pale ilipotatuka.

Na lazima isemwe kwamba nyumba yenyewe ilikuwa na tabia ya kujifanya. Mabwana wa ukoo wa Rimgaila waliijenga kwa mbao, kisha wakaipiga lipu na chokaa ionekane ya mawe. Nguzo nne za barazani, ukizigonga, zinatoa sauti ya mti. Ubavuni mna madirisha mawili yaliyochorwa kwa rangi tu, kwa sababu bwana alitaka madirisha yalingane pande zote na ndani hapakuwa na chumba cha kuyatosha. Kwa hiyo watu waliposema dohani ya pili nayo ni ya uongo, imewekwa juu ya paa ili ile ya kwanza isione upweke, nani angebisha? Nyumba iliyokudanganya nguzo na madirisha itashindwaje kukudanganya dohani?

Mabwana waliondoka na vita, wengine kwa gari moshi wasilolitaka. Baada ya vita ukumbi wao ukawa ghala la nafaka, kisha ukasafishwa uwe mahali pa mikutano na ngoma. Majira ya baridi moja, Morta akiwa binti mdogo wa shule, mwenyekiti wa shamba la ushirika alitaka kufanya sherehe. Akaamuru jiko kubwa la vigae la ukumbini, ambalo halikuwashwa tangu mabwana waondoke, liwashwe watu wasigande. Aliyepewa kazi hiyo ni Liudvikas Skersys, mwasha majiko wa kasri, baba yake Morta; kwa desturi ya huko binti wa Skersys huitwa Skersytė. Kabla ngoma haijachanganya, paa lote la upande ule lilikuwa linawaka.

Hakufa mtu. Lakini serikali ya Warusi ya wakati ule haikuamini ajali. Walimchukua Liudvikas kwamba amechoma mali ya umma makusudi, wakampeleka Siberia, na huko akabaki. Kijijini wako waliomwita shujaa, kwa kunong'ona. Wako waliomwita mlevi, kwa sauti. Hakuna aliyesema kwamba hakuchoma.

Mama yake Morta peke yake ndiye aliyesema hivyo hadi anakata roho. Aliomba jina la mumewe liandikwe kwenye jiwe lake la kaburi, kama ilivyo kwa familia nyingi ambazo watu wao walilala kule kwenye barafu. Morta akanunua jiwe pana, akamwandika mama upande wa kushoto. Upande wa kulia akauacha mtupu. Miaka ikapita. Kila Novemba, kijiji kizima kinapowasha mishumaa makaburini, yeye husimama mbele ya nusu ile tupu huku akihisi macho ya watu kisogoni.

Sababu hakuwahi kumwambia mtu. Asubuhi ya siku ya moto, baba yake alipokuwa akinywa maziwa mezani, alisema, Morta akisikia kwa masikio yake mwenyewe: "Ingekuwa shauri langu, ningelichoma jumba lile na mwenyekiti wao ndani." Mtoto alisikia. Mtoto hakusahau. Pafukapo moshi pana moto, watu husema, na yeye alikuwa amemsikia mwenye moto akinena.

Sasa huyu wa ndevu nyekundu anauliza dohani.

Jioni ile jirani yake, Steponas Dargis, alipita kumletea mzigo wa kuni, kama alivyofanya tangu Morta afiwe na mama. Steponas alikuwa mjane, mkubwa kwa Morta kwa miaka ya kutosha kuitwa kaka, mtu mpole, mikono kama makoleo. Kila vuli alimpasulia kuni na kuzipanga ukutani vizuri, hata mkate hauwezi kukatwa vile. Morta alimmiminia chai ya maua ya mliepa, mti wa kivuli wa huko, na kumkatia jibini.

"Nasikia umepata mgeni," akasema Steponas.

"Mpimaji. Anatafuta dohani ya pili."

Kikombe cha Steponas kilisimama njiani kabla hakijafika mdomoni. "Ya nini?"

"Mimi najua? Anataka kupanda darini. Eti wataweka kibao langoni, historia yote, tangu bwana wa kwanza mpaka leo. Kaniuliza moto ulianzaje."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia maktaba inafungwa."

Steponas akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, nisikilize. Hawa wa mjini hawaji bure. Ataandika pale langoni, kwa herufi za chuma, kwamba nyumba ilichomwa na Liudvikas Skersys. Wanafunzi watapita kila siku wasome. Mimi nimekuambia siku zote usimwonee haya baba yako, alikuwa mtu mwema, yaliyopita yamepita. Lakini watu hawana huruma. Ufunguo wa darini umpe wa nini?"

"Hata mimi nimesema hivyo."

"Mwambie umepotea. Au nipe mimi nikuwekee. Kwangu hawezi kuja kuuliza."

Morta alitikisa kichwa akasema ufunguo uko salama, ameutundika nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Steponas akatazama sanamu, akanywa chai yake, akaaga.

Siku zilizofuata Domantas alipima kila kitu. Alilala chali sakafuni akaangalia boriti. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole huku ametega sikio. Alipapasa vigae vya jiko la ukumbini, lile lenyewe, lililobaki limesimama na ufa kifuani, akapitisha mkono ndani ya mdomo wake hadi begani. Morta alimfuata chumba hadi chumba akijifanya anafuta vumbi.

"Hili jiko moshi wake ulikuwa unatokea wapi?" akauliza kijana, mkono mweusi hadi kiwiko.

"Juu."

"Juu wapi, mama? Dohani iliyobaki iko mbali, upande wa maktaba. Moshi hautembei namna hiyo bila njia. Nikipanda darini nitajua."

"Ufunguo sina. Ulipotea zamani."

Domantas alimtazama, kisha akautazama mkono wake mwenyewe wenye masizi. "Sawa," akasema. "Tukivunja mlango itabidi niombe kibali wilayani. Itachukua wiki kadhaa. Sina haraka."

Hilo la kutokuwa na haraka ndilo lililomtia Morta wasiwasi zaidi. Mwizi ana haraka. Asiye na haraka ana jambo. Akaanza kumchunguza hata chakula. Kijana alikula mkate mweusi na mafuta ya nguruwe kama mtu wa hapa, akifika mlangoni hakumpa mtu mkono mpaka avuke kizingiti, kama alivyolelewa kila mtu wa hapa. Kwa hiyo si mgeni wa mbali. Kwa hiyo ni wa nani? Ametumwa na nani? Morta aliwaza labda kizazi cha Rimgaila kimemtuma kuja kutafuta wa kulaumiwa. Mwenye nyumba akirudi akakuta nyumba imeungua, huuliza, na jibu ni jina lake yeye, Skersytė.

Steponas alirudi tena, safari hii bila kuni.

"Umempa?"

"Sijampa. Ataomba kibali wavunje mlango."

"Avunje tu," akasema Steponas, akizungusha kofia yake mikononi. "Hataona kitu. Kidirisha cha masizi nacho kilizibwa kwa matofali, hana pa kuchungulia. Wewe usimpe tu, basi. Au nikuwekee mimi huo ufunguo? Unaona, hapo nyuma ya sanamu kila mtu atautafuta."

"Utakaa tu, kaka."

"Nakuambia kwa wema, Morta."

"Najua. Nani asiyejua wema wako?"

Akaondoka. Morta alibaki, akafuta meza, akaosha vikombe, akavipangusa, na neno moja halikukauka. Kidirisha cha masizi. Yeye mwenyewe amewasha majiko maisha yake yote. Kila dohani ina kidirisha darini, cha kufagilia masizi kabla ya baridi kuanza. Kila dohani inayotoa moshi. Lakini dohani ya uongo ina masizi gani? Na kama haina masizi, kidirisha cha nini? Na kama kilikuwapo kikazibwa, Steponas alikiona lini?

Alikaa kitini akiwa ameshika kitambaa cha vyombo. Alimjua Steponas kuliko alivyomjua padri. Na sasa akakumbuka kwamba mara mbili ameombwa ufunguo na mtu ambaye hajawahi kumwomba hata chumvi. Akakumbuka pia jiwe la mama: alipokuwa tayari kuandika jina la baba, miaka ile nchi ilipopata uhuru na majina kama hayo yalipokuwa yanaandikwa kila mahali, nani alimwambia asubiri kwanza? "Watu watasema, Morta. Acha upepo utulie." Ni Steponas. Alimwambia kwa wema.

Asubuhi akautoa ufunguo nyuma ya Bikira Maria, akajipiga ishara ya msalaba, akaenda kumtafuta wa ndevu nyekundu.

"Umeonekana," akasema, akimpa.

Domantas hakuuliza umeonekana wapi. Kwa jambo hilo Morta alimpunguzia dhambi moja.

Darini palikuwa na baridi na harufu ya mbao zilizoungua zamani, harufu ambayo haitoki hata mti ukibadilishwa. Paa la upande ule lilikuwa jipya, la enzi za ushirika, limeshushwa chini kuliko lile la kwanza. Na chini yake, kama mtu aliyefichwa na shuka, ilikuwapo dohani ya pili, imekatwa shingo, imefunikwa. Domantas alimulika kwa tochi. Kutoka sakafuni, pale jiko la ukumbini lilipo, ulipanda mfereji wa matofali, umelala kidogo, ukavuka dari lote hadi kuingia ubavuni mwa dohani ile.

"Si ya uongo hii," akasema kijana, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu, furaha ya kipuuzi ya mtu anayependa matofali. "Mama, ilikuwa inatoa moshi wa ukumbi! Jiko lisipowashwa miaka mingi, watu wanasahau. Tazama, na hapa kuna kidirisha. Mtu amekiziba. Haraka haraka, udongo wenyewe mbaya."

"Kibomoe," akasema Morta.

Matofali yalitoka kwa mkono, bila nyundo. Domantas aliingiza tochi, kisha kichwa. Akaanza kutoa vitu kimoja kimoja akiviweka kwenye mbao: vijiti vilivyoungua, vingi, konzi kwa konzi, mifupa ya ndege, kisha kwa kupindapinda na kutukana kidogo, akavuta pete kubwa ya chuma iliyokwama mshazari. Haikuwa ya pipa. Ilikuwa ya kuzungukia gurudumu la gari. Mwisho akatoa kitovu cha gurudumu, mti wake umeliwa na moto, lakini kofia yake ya shaba ingalipo. Akaifuta kwa mkono wa koti. Ikang'aa alama ya kiatu cha farasi.

"Gurudumu la mkokoteni ndani ya dohani," akasema Domantas. Kisha akacheka kidogo, akashika paji la uso. "Korongo. Mtu alimwekea korongo."

Morta hakuhitaji kuelezwa. Ni nani Beržuva asiyejua? Korongo akijenga juu ya nyumba yako, nyumba imebarikiwa. Na ili ajenge unampandishia gurudumu kuukuu, ulilaze juu ya mti mkavu au juu ya dohani isiyotumika. Isiyotumika.

"Halikulala vizuri, likazama humu," kijana akaendelea, akionyesha kwa mikono. "Korongo asingekuja tena. Lakini kunguru wanapenda dohani. Wakajaza vijiti juu ya gurudumu, majira mazima ya joto. Halafu baridi ikaja, mtu akaambiwa awashe jiko. Moshi umezibwa, cheche zinapanda, vijiti vikavu, paa la mbao..." Akamtazama Morta usoni. Alikuwa ameshaambiwa na kijiji yeye ni binti wa nani. "Mama, aliyewasha hakuwa na njia ya kujua. Angewasha hata askofu, pangeungua."

Morta alikaa juu ya boriti. Kitu kilipanda kifuani, na hakikuwa furaha. Kilikuwa aibu, nzito, ya moto. Maisha yake yote alimhukumu baba yake kwa sentensi moja ya asubuhi, sentensi ambayo kila mkulima Lithuania wakati ule aliisema akinywa maziwa. Serikali ilihitaji mashahidi ili kumfunga. Yeye hakuhitaji hata mmoja.

"Hiki nitakichukua," akasema, akafunga kofia ya shaba ndani ya kitambaa chake cha kichwa.

Nyumba ya Steponas ilikuwa ya mwisho kabla ya mto. Kila aliyewahi kupita njia ile aliyajua magurudumu ya Steponas. Baba yake alichukua kigari cha farasi cha bwana Rimgaila, mabwana walipoondoka, na kigari kilipochakaa magurudumu yalibaki: mawili yameegemezwa langoni kama urembo, moja juu ya mlingoti uani, na juu yake kiota cha korongo kikubwa kuliko kitanda. Yote yana kofia za shaba zenye kiatu cha farasi. Watu waliyapiga picha. Watoto waliyahesabu wakienda shule: moja, mawili, matatu. Kigari kina magurudumu manne, hilo hata mbuzi anajua, na kijiji kizima kilikaa nusu karne bila mtu mmoja kuuliza la nne liko wapi.

Alimkuta mezani akimenya viazi. Hakusalimu. Alikifungua kitambaa mbele yake.

Steponas aliitazama shaba, akaweka kisu chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Walikata ule mliepa wenye kiota," akasema. "Unaukumbuka? Mwenyekiti alitaka mbao. Korongo wakarudi Machi hawana pa kukaa, wakawa wanazunguka, wanazunguka. Nilikuwa kijana. Nikasema niwawekee. Kila mtu alisema dohani ile ni ya uongo, Morta. Kila mtu."

"Likazama."

"Upepo wa usiku ule ule. Nikasema basi, limepotea gurudumu tu."

"Na siku ya moto ulijua?"

"Nilikuwa na baba yako uani. Nikaona cheche zinatoka kwenye dohani isiyo na moto. Nikajua palepale."

"Ukaziba kidirisha."

"Walipotutuma kurudisha paa. Kazi hiyo ya darini nilijitolea mwenyewe."

"Wakamchukua baba yangu."

"Wangenichukua mimi," akasema Steponas, akiyatazama maganda ya viazi. "Ningesema, wangenichukua mimi na yeye. Unajua walivyokuwa. Wasingemwachia. Nimejiambia hivyo kila siku, na labda ni kweli."

"Labda," akasema Morta. "Na walipoondoka? Warusi walipokwenda zao, hakuna wa kukuchukua tena, ulikuwa unangoja nini?"

Steponas akayakusanya maganda kwa kiganja.

"Nilikuletea kuni," akasema mwishowe.

Hapo ndipo hasira ilipompata Morta, si kwa moto, si kwa Siberia, bali kwa kuni. "Uliniletea kuni. Ukakaa kwangu ukala jibini, ukaniambia nisimwonee haya baba yangu. Nisimwonee haya kwa lipi, Steponas? Ulikuwa unanisamehe mimi kosa lako wewe!"

Alifunga tena shaba.

"Jumapili ni Siku ya Korongo, siku tunayowapokea wakirudi. Baada ya misa watu watakuja kasri kuangalia dohani, kijana ameshawaalika. Nitasimama barazani. Sitasema neno juu yako. Nitauliza swali moja tu, mbele ya wote: kigari cha bwana kilikuwa na magurudumu mangapi. Basi. Ukiwapo utajibu, usipokuwapo watajibu wenyewe."

Jumamosi aliona gari la binti yake Steponas, wa Kaunas, limeegeshwa uani kwa baba yake, buti wazi. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na kikishajulikana hubadilisha nguo. Hakulala vizuri. Kanisani, kiti cha Steponas kilikuwa kitupu, na padri aliposoma habari za malaika kumshukia Mariamu, Morta hakusikia hata neno. Alikuwa anasikiliza injini za magari barabarani.

Kasri lilijaa. Akina mama walikuja na mikate ya Siku ya Korongo ndani ya vitambaa, wazee walikuja kubisha. Domantas alieleza dohani kwa mikono miwili, akaonyesha pete ya chuma na vijiti. Minong'ono ikapanda. Jadvyga wa posta, ambaye hajawahi kuacha swali likalala njaa, akasema kwa sauti, "Basi Liudvikas hakuchoma kitu! Na hilo gurudumu alilipandisha nani?"

Morta aliingiza mkono mfukoni, akaigusa shaba. Akafungua mdomo.

Njiani, chini ya miliepa, mtu alikuwa anakuja akisukuma gurudumu. Alilisukuma kwa mkono, polepole, likiyumba kwenye tope, na nyuma yake binti yake alisukuma jingine, uso umemwiva kwa kulia. Watu wakageuka. Steponas alifika mbele ya ngazi, akaliegemeza gurudumu kwenye nguzo ya mti inayojifanya jiwe, akavua kofia.

"Mjomba Steponas," akasema Jadvyga, "unahama na magurudumu yako? La mlingotini nimeliona asubuhi, na hapa mawili." Ilionekana usoni mwake hesabu ikimfikia, baada ya nusu karne. "La nne liko wapi?"

Steponas alimtazama Morta, si Jadvyga.

"Limo humu darini," akasema. "Nililiweka mimi. Na nilijua."

Mzee mmoja akakohoa. Kisha mtu wa nyuma, kwa wema wa kijinga ambao haukosekani popote, akasema, "Lakini, jamani, alikuwa bado mtoto."

"Na mimi nilikuwa mtoto," akasema Morta.

Watu walipoanza kuondoka, Steponas alipanda ngazi, akasimama vidato viwili chini yake. "Ile nusu ya jiwe," akasema kwa sauti ndogo. "Niache nigharimie mimi, Morta. Angalau hilo."

"Kuni zako nimeshazichoma, siwezi kuzirudisha. Jiwe liache."

Domantas naye alikuja, mkono mweusi kama kawaida, akauliza aandike nini kwenye kibao chake. Morta alimwambia aandike dohani zilikuwa mbili na zote zilikuwa za kweli. Mengine watayazungumza, kibao kinaweza kungoja, kuna jiwe lililongoja zaidi. Akamuuliza kama kule Kaunas anamjua fundi wa kuchonga herufi, asiye na haraka.

Fundi alikuja wiki moja baadaye, akapiga magoti mbele ya nusu tupu, akapima kwa kamba. Juu ya mto korongo wa kwanza alikuwa anaruka, na Morta alimwona akiruka, jambo ambalo kwa watu wa Beržuva ni mwaka mwema, lakini hakumtazama sana.

"Jina?" akauliza fundi.

"Liudvikas Skersys. Kubwa, lisomeke kutoka njiani."

"Na chini yake? Watu huandika apumzike kwa amani."

Morta alifikiri. Alikumbuka mikono ya baba yake ikinuka majivu, na jinsi alivyoweza kuwasha jiko lolote kwa kijiti kimoja. Akakumbuka kazi hiyo ilivyogeuzwa tusi, hata yeye akiifanya maisha yake yote hakuthubutu kuitamka kwa jina.

"Andika: Mwasha Majiko wa Beržuva," akasema.